Filimbi ya Bati Inayogombana na Kinanda: Tafuta Kosa Kabla ya Kuagiza Nyingine

"Mwalimu, hicho kidude chako kinalia nje."

Niliambiwa hivyo na mpiga kinanda mbele ya kwaya nzima, hapa Tabora, siku ya mazoezi. Nikaenda nyumbani nikaiosha filimbi, nikaivuta kinywa, nikairudisha, nikailaani. Kumbe ilikuwa nzima. Filimbi ilikuwa ya D na wimbo ulikuwa kwenye F, basi. Tangu siku ile, kila anayeniletea filimbi "mbovu" namuuliza kwanza wimbo uko ki gani, yaani do yake iko kwenye herufi gani, hata kabla sijaishika. Mara nyingi tunamalizia hapo hapo mlangoni.

Filimbi ninayoisema si ya refa. Ni bomba jembamba la bati au la shaba ya njano, lenye matundu sita mbele na nyuma hakuna kitu. Juu ina kinywa cha plastiki, au bati lililokunjwa na kuwekwa kizibo cha mti. Robert Clarke alianza kuzitengeneza za bati huko Uingereza mwaka 1843, Waayalandi wakaifanya chombo chao, na miaka ya 1950 vijana wa Johannesburg wakaipigia kwela, muziki wao wa mitaani, hadi mpigaji mmoja, Spokes Mashiyane, akawa nyota wa santuri. Kwetu huku haipatikani dukani. Unamwagiza mtu anayetoka Dar kwa treni, au ndugu aliye nje, na ikija ya ki usiyoihitaji hakuna pa kuirudisha. Afadhali kuhangaika na kosa kwanza.

Jaribio la kuanzia, dalili iwe ipi: ziba matundu yote sita, puliza taratibu kama unayepoza chai, na uwashe tyuna ya simu, ile programu inayosikia nota na kuonyesha herufi yake. Herufi inayotokea ndiyo ki ya filimbi. Ya D ina urefu wa karibu sentimita 30. Ya C ni ndefu kidogo kuliko hiyo, ya B flati (B iliyoshushwa nusu hatua) ndefu zaidi, ya G ni fupi. Ukikuta tundu la kidole gumba kwa nyuma, hiyo ni rekoda, filimbi ya aina nyingine ya kufundishia shuleni. Vidole vyake ni vingine na maelezo haya hayaihusu.

Wimbo mzima unalia nje

Dalili yake ni kwamba ukipiga peke yako wimbo unanoga, ukiingia na kinanda kila nota imekosea, tena kwa umbali ule ule.

Sababu inayoongoza ni ki kutofautiana. Wengi tumefundishwa kwamba matundu yote yakizibwa hiyo ni "do", tukaishia hapo. Ni kweli, lakini ni do ya filimbi ile. Filimbi moja inakubali ki mbili bila ugomvi: ki yake yenyewe, na ki inayoanzia kwenye "fa" yake. Kwa hiyo:

D inapiga D na G.
C inapiga C na F.
B flati inapiga B flati na E flati.
E flati inapiga E flati na A flati.
F inapiga F na B flati.
G inapiga G na C.
A inapiga A na D.

Usiulize "wimbo gani?" Uliza "do iko wapi?" Kwenye karatasi ya solfa jibu huwa limeandikwa juu kabisa, Do = F au Do = G. Wimbo wa maina, ule wa sauti ya huzuni, usikutishe; tafuta do yake vilevile. Wimbo ulio kwenye E maina una do ya G, kwa hiyo filimbi ya D inautosha.

Sababu ya pili ndiyo inayovunja urafiki, nayo ni kitufe cha transpozi. Wapiga kinanda wengi wa kujifunzia kanisani wanajua vidole vya C au vya F pekee. Ki nyingine zote wanazipata kwa kubonyeza kitufe. Ukimuuliza atakwambia "napiga C", wala hadanganyi, vidole vyake viko C. Spika ndiyo inayotoa E flati. Usibishane naye. Mwombe abonyeze C moja tu, weka simu karibu na spika, mwone wote wawili tyuna inasema nini. Ikisema nota nyingine, ama arudishe kitufe kwenye sifuri, ama wewe uchague filimbi kwa kufuata spika na si vidole vyake.

Ya tatu: mwalimu wa kwaya ameshusha wimbo. Karatasi inasema F, lakini soprano wameamka na mafua, mwalimu anasema "tushushe kidogo", na kinanda kinashuka kwa kubonyeza mara moja. Filimbi haishuki. Hapa hakuna dawa zaidi ya kuwa na filimbi ya pili mfukoni au kukaa kimya ubeti huo.

Ya mwisho, na ni adimu, ni filimbi iliyogongwa muhuri wa herufi isiyo yake. Tyuna itakuwa imekwambia tangu mwanzo.

Usiyopaswa kufanya ni kulikata bomba. Nilifanya. Nilikuwa na filimbi ya C, nikahitaji D, nikasoma mahali kwamba bomba fupi hutoa sauti ya juu, nikachukua msumeno wa chuma. Nota ya chini kabisa ikapanda vizuri hadi D. Tatizo ni kwamba kwenye filimbi ya C, D ilikuwa tayari ipo, kwenye tundu la sita. Nikabaki na nota mbili za kwanza zimebanana kama abiria wa daladala, na zile za juu karibu zote pale pale zilipokuwa. Ki haiko kwenye urefu peke yake. Iko kwenye mahali matundu yalipotobolewa. Kipande kile bado ninacho, kinanikumbusha.

Simama na umwite fundi ikiwa kinanda chenyewe, transpozi ikiwa sifuri, bado hakisomi A ya hezi 440 na hakuna anayejua menyu yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa vinanda. Usikifungue nyuma kwa bisibisi, hasa kikiwa kwenye umeme.

Wimbo unakwenda, halafu nota moja inachomoza

Hii inawachanganya watu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu nota nyingine zote ni nzuri, kwa hiyo lawama inakwenda kwenye tundu.

Angalia kwanza kama nota hiyo ni ya saba kutoka chini, yaani inayotoka matundu yote yakiwa wazi. Kwenye filimbi ya D hiyo ni C shapu (C iliyopandishwa nusu hatua). Ukiwa kwenye ki ya D ni "ti" safi kabisa. Ukihamia G unahitaji C ya kawaida, ambayo sasa ndiyo "fa" yako, na vidole vyako kwa mazoea vinaacha yote wazi. Tiba: acha tundu la kwanza wazi, ziba la pili na la tatu, mengine acha. Kuhesabu huanzia kinywani. Filimbi nyingi zinakubali hivyo. Ikibaki juu kidogo, ziba na la nne uone.

Kama si hiyo, huenda umehamia ki ya jirani. Do ya A kwenye filimbi ya D inakosa nota moja tu, G shapu, ambayo ni "ti" ya wimbo. Wimbo wenye ti mbili tatu unavumilika: ziba mawili ya juu, la tatu liache nusu wazi kwa kukunja ncha ya kidole. Wimbo wenye ti kila mstari utakutoa jasho. Na do ya F kwenye filimbi ya D inataka F ya kawaida, B flati na C, mbili za kwanza zikiwa za nusu tundu. Hapo acha ushujaa, chukua ya C.

Ikiwa nota ni mbaya hata kwenye ki ya filimbi yenyewe, ndipo uanze kulishuku tundu. Nota ikiwa juu mno, bandika kipande chembamba cha selotepu kwenye ukingo wa tundu ulio upande wa kinywa, nota itashuka. Ukiridhika, badilisha selotepu kwa nta ya nyuki. Sisi wa Tabora kwa nta hatuna kisingizio, anayeuza asali karibu yako atakuwa nayo au anajua aliye nayo. Finyanga punje ndogo, isugue ukingoni kwa kidole. Uzuri wake ni kwamba ukikosea unaikwangua na ukucha. Ubaya wake ni kwamba ukiisahau filimbi juani kwenye dirisha la gari, mchana wa Oktoba, utaikuta nta imekwenda matembezini.

Nota ikiwa chini mno, tundu linahitaji kupanuliwa, na hapo mimi huwa nasimama. Bati lililosagwa halirudi. Mpelekee mtu aliyewahi kutengeneza vyombo vya kupuliza, au ishi na nota hiyo.

Ki ni sahihi, lakini wimbo unatoboka chini

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Mtu ana wimbo kwenye D, amenunua filimbi ya D, tyuna inamsifu, kinanda kinamkubali. Anaanza wimbo na nota ya kwanza haipo. Si mbaya, haipo kabisa. Anapuliza, anaziba, anaangalia kama kuna tundu la saba.

Sababu ni kwamba filimbi haina chochote chini ya nota yake ya kwanza. Inapanda kama oktava mbili (oktava ni kutoka do hadi do ya juu yake), kushuka haishuki. Sasa nyimbo ziko za aina mbili. Kuna zinazokaa kati ya do na do ya juu yake, zinatoka nyumbani zinarudi nyumbani. Na kuna zinazoanza kwenye "so" ya chini, zinapanda, zinapita do katikati, zinaishia so ya juu au hapo karibu. Imba wimbo wako kwa solfa, polepole, na utafute nota ya chini kuliko zote. Ni do, au ni so?

Ikiwa ni do, nunua filimbi yenye jina la ki ya wimbo. Wimbo wa D, filimbi ya D.

Ikiwa ni so, nunua filimbi yenye jina la hiyo so. Wimbo ulio kwenye G wenye so ya chini unataka filimbi ya D, kwa sababu so ya G ndiyo D: nota yako ya chini kabisa inakutana na nota ya chini kabisa ya bomba. Wimbo wa F unataka C. Wimbo wa E flati unataka B flati. Na yule mwenye wimbo wa D unaoanzia so anataka filimbi ya A, ambayo si rahisi kuipata kama ya D au ya C.

Kwa hiyo watu wawili wenye wimbo wa ki moja wanaweza kuhitaji filimbi mbili tofauti, na wote wako sahihi. Hili duka halikwambii, na karatasi ya vidole inayokuja ndani ya pakiti haikwambii pia.

Kabla ya kuagiza jaribu njia ya bure: pandisha wimbo mzima oktava moja. So ya chini inakuwa so ya katikati, ipo. Lakini angalia juu. Kama wimbo unapita so ya pili hadi do na mi ya juu, utakuwa unapiga mluzi wa kufukuza ndege, na akina mama wa mstari wa mbele watakuonyesha kwa uso. Njia nyingine ya bure ni kuibadilisha nota ile moja ya chini, uiweke oktava juu yake peke yake. Wapigaji wazuri hufanya hivyo kila siku na msikilizaji hajui.

Iko karibu, lakini si penyewe

Tyuna inasema D, ila mshale umeegemea upande. Hapa tunaongelea senti, ambapo senti 100 ni nusu toni moja, yaani hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, vyeusi vikihesabiwa.

Joto linaongoza. Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto, hivyo filimbi hupanda kama senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Asubuhi ya kipupwe hapa Tabora, Juni au Julai, unaamka kwenye nyuzi 15 hivi. Oktoba mchana inapita 30. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya nusu toni, na kinanda cha umeme hakijali msimu. Ibada ya kwanza filimbi inalia chini, ya pili imepona. Pumzi yako itaipasha yenyewe ikishaanza kulia, kwa hiyo usiitoe baridi kwenye begi na kuingia nayo kwenye wimbo. Iweke kwapani wakati wa mahubiri.

Pumzi ni ya pili. Ukipuliza kwa hasira nota inapanda, ukipuliza kwa woga inashuka. Piga nota moja dakika nzima ukiangalia tyuna.

Ya tatu ni kinywa. Kwenye ya D, kukivuta milimita moja kunashusha karibu senti 6. Kama kimegandishwa na gundi, chovya kiungo kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nusu dakika, kisha kizungushe, usikivute moja kwa moja. Vinywa vya plastiki tu. Ile ya bati yenye kizibo cha mti haina kiungo cha kuvuta na maji ya moto yanaiharibu. Milimita nne au tano zinatosha; ukizidisha, nota za juu zinashuka kuliko za chini na utakuwa umeuza tatizo moja kununua jingine. Wala usijaribu kuivuta D mpaka iwe C. Ungehitaji zaidi ya sentimita tatu, na matundu hayatakufuata.

Nota za chini zinaruka na kupiga kelele

Mara tisa kati ya kumi ni kidole kinavuja. Anza na tundu la kwanza, puliza, ongeza la pili, la tatu, ukishuka moja moja. Kelele ikiingia kwenye la tano, mkosaji ni kidole cha tano au mojawapo ya vya juu yake kimesogea kikimfuata. Tumia nyama ya kidole, si ncha.

Lakini hapa nako ki inaingia. Ki ikiwa ya chini, bomba ni refu na matundu yameachana zaidi. Mtoto wa miaka minane aliyepewa B flati ataitwa mvivu bure. Mpe D, au E flati. Na ile D ya chini, ya karibu sentimita 60, iliyo oktava moja chini ya D ya kawaida, inashikwa kwa vidole vilivyolala bapa, pingili za katikati zikiziba matundu. Ukiishika kama ndogo, itapiga kelele hata kama wewe ni bingwa.

Vidole vikiwa salama, angalia kiungo cha kinywa kama kinavuja: zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kisha mshono wa bomba, kwa zile za bati. Fundi bati anayetengeneza vibatari anaweza kuulehemu, ila mwambie asisogeze moto karibu na kizibo cha mti na asiguse kabisa ule ukingo unaokata pumzi. Ukingo ukishapinda, acha. Sijaona aliyeunyoosha kwa kisu akafanikiwa.

Inakohoa baada ya dakika kumi

Mate na mvuke. Ziba dirisha la kinywa, lile tundu la mraba ambamo pumzi hukatwa, kwa kidole na upulize kwa nguvu, kisha endelea. Nyuzi za nguo zilizoingia kutoka mfukoni zitolewe kwa ukanda wa karatasi ngumu, kamwe si kwa waya. Ikiwa unachezea filimbi ya kizamani yenye kizibo cha rangi ya kijivu kizito, hicho kinaweza kuwa cha risasi: usimpe mtoto, na wewe usiiweke mdomoni. Na ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Unapuliza zaidi ya inavyohitaji.

Ukiagiza

Kwaya moja ya huku kwetu inaweza kuishi na tatu: D kwanza, C ya pili, B flati ya tatu. Hizo zinakupa D, G, C, F, B flati na E flati. Ukikutana sana na A flati, ongeza E flati. Mimi G ningeiacha kwanza, ingawa wapigaji wa kwela waliipenda. Ndani ya ukumbi wa bati inachoma masikio.

Ujumbe wa simu kwa anayekununulia uwe hivi, neno kwa neno: "Filimbi ya bati ya Kiayalandi, matundu sita mbele, nyuma hakuna tundu, ki ya D, ile fupi ya sentimita 30." Usipotaja urefu unaweza kuletewa D ya chini, na ndugu yako atakuwa ameibeba kwenye mabegi kutoka Dar hadi stesheni ya Tabora kama fimbo ya mzee.